Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini Kwao Ni Wapi?

Ujumbe ulinikuta sijafungua hata mizigo ya safari. Ulitoka kwa mzee mmoja wa taaluma yetu, mtu ninayemheshimu kwa umri na kwa vitabu alivyovisoma, na aliutuma katika kundi la simu tunamokutana wahadhiri wa fani mbalimbali. Alikuwa ameiona picha yangu iliyopigwa kando ya bahari huko Uingereza: shati limelowa jasho, miwani iko mkononi, na nyuma yangu wazungu wazee wanazunguka kama pia chini ya taa za ukumbi wa dansi. Aliandika maneno machache: "Mcheza kwao hutunzwa, ndugu yangu. Huko umetunzwa na nani?" Wenzetu kadhaa wakaangua vicheko. Mwingine akaongeza kwamba msomi wa Kiafrika mwenye mvi, anayekesha akicheza na wajukuu wa wakoloni, hana tena cha kuwafundisha vijana wetu.

Ningeweza kucheka nao yakaisha. Sikucheka, kwa sababu nyuma ya utani ule limejificha wazo ambalo katika nchi yetu limewahi kuvaa sare na kushika rungu: kwamba yupo mtu, kwa cheo chake au kwa elimu yake, mwenye mamlaka ya kuwaambia wengine ngoma ipi ni yao na ipi si yao. Wazo hilo nalipinga, na leo nitaeleza kwa nini.

Nianze na huko nilikokuwa. Nilikaa miezi mitatu katika mji wa Bolton, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, kwa shughuli za utafiti. Mwenye nyumba yangu ni mzee aliyeingia kiwanda cha kusokota nyuzi akiwa na miaka kumi na sita. Kiwanda kilipofungwa akawa dereva wa basi hadi alipostaafu. Mkewe alipika chakula cha wanafunzi katika shule ya msingi. Jirani yetu alikuwa dada muuguzi kutoka Kisumu, aliyeishi huko miaka kumi na mitano. Jioni moja mzee aliniuliza kama ninajua muziki wa soul, yaani ule muziki wa roho wa Wamarekani weusi. Nikasema najua kidogo. Akasema, basi Ijumaa tunakwenda Blackpool, sote wanne, na tutarudi Jumapili tukiwa hatuna miguu.

Blackpool ni mji wa pwani uliojengwa kwa ajili ya mapumziko ya wafanyakazi. Katika karne ya 19 kila mji wa viwanda wa Lancashire ulikuwa na juma lake la kufunga mashine, na mji mzima ukapanda treni kwenda kuona bahari. Mnara wake maarufu ulifunguliwa mwaka 1894, na chini yake umo ukumbi wa dansi wenye dari la nakshi ambalo kasri la mfalme lisingelionea haya. Ukumbi huo haukujengewa mabwana wakubwa. Ulijengewa wasokota nyuzi na wachimba makaa, watu walioweka akiba senti kwa senti ili siku chache kwa mwaka wacheze chini ya dari kama lile. Leo mji wenyewe umechoka. Vipimo rasmi vya mwaka 2019 viliuweka miongoni mwa maeneo yenye dhiki kubwa kuliko yote katika Uingereza, na mtu akitoka ufukweni hatua chache anaziona nyumba za wageni zilizofungwa na shakwe wakigombania mabaki ya chipsi.

Katika mji huo niliwakuta mamia ya watu wa umri wa kustaafu waliobeba mikoba midogo. Ndani ya mkoba mna taulo, shati la kubadilisha, chupa ya maji na kopo la poda. Poda hunyunyizwa sakafuni ili kiatu chenye soli ya ngozi kiteleze. Muziki wao huitwa Northern Soul, soul ya Kaskazini. Jina hilo lilienezwa mwaka 1970 na Dave Godin, mwandishi na mwenye duka la santuri jijini London, aliyegundua kwamba wateja wake wa kaskazini hawakutaka muziki mpya uliokuwa ukivuma. Walitaka nyimbo za kasi za katikati ya miaka ya 1960 kutoka Detroit, Chicago na kwingineko, na hasa zile ambazo Marekani kwenyewe hazikununuliwa. Vijana wa viwandani walizichimbua katika maghala yaliyojaa santuri za miguu mitatu ya vumbi. Wapiga santuri wao walibandika karatasi juu ya lebo ili mpinzani asijue wimbo ni wa nani. Katika ukumbi wa Wigan Casino, kuanzia Septemba 1973 hadi Desemba 1981, walianza kucheza saa nane za usiku na kumaliza saa mbili asubuhi, tena bila pombe, maana ukumbi haukuwa na leseni ya kuiuza. Sisi husema ngoma ya watoto haikeshi. Ya wale ilikesha, na baada ya zaidi ya miaka hamsini bado inakesha.

Kila mtu hucheza peke yake, lakini hakuna aliye peke yake. Nilimwona mzee mwenye bandeji ya goti akizunguka mara tatu, akashuka hadi mkono ukagusa sakafu, akainuka kabla mpigo haujampita. Mwenyeji wangu alinionyesha sehemu moja karibu na nguzo. Alisema hapo ndipo alipokuwa akicheza rafiki yake wa kiwandani aliyefariki miaka miwili iliyopita, na akaniomba nisisimame hapo mpaka wimbo fulani upite. Nikasubiri. Kisha nami nikaingia, nikacheza vibaya, na yule dada wa Kisumu akanipigia kelele: "Daktari, mabega yaache! Fuata miguu!" Hiyo ndiyo picha iliyopigwa.

Sasa turudi kwenye swali la mzee wangu: huko umetunzwa na nani? Kabla ya kulijibu, lazima tuulize swali ambalo methali yenyewe inalificha. Kwao ni wapi?

Mimi ni mtoto wa mkulima wa pamba wa Kwimba. Baada ya mavuno, Wasukuma hucheza. Vyama vya Bagalu na Bagika hushindana kwa siku kadhaa, na mshindi hupatikana kwa wingi wa watazamaji anaowavuta kwake. Kwa hiyo, kabla sijajua kusoma, nilijua kwamba kuna majira ya jembe na majira ya ngoma, na kwamba asiyelima hana haki ya kumdharau anayecheza. Pamba tuliyolima ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye mashine. Mwaka 1902 wenye viwanda vya Lancashire walianzisha mjini Manchester chama cha kuhimiza kilimo cha pamba katika makoloni, kwa sababu walichoka kutegemea Marekani. Uganda ilianza kulimishwa pamba muda mfupi baadaye, na kwetu, Waingereza walipoingia, Usukuma ukageuzwa nchi ya pamba. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamewalazimisha watu wa kusini kulima zao hilo hilo, na mwaka 1905 Wamatumbi waling'oa miche yake na vita vya Maji Maji vikaanza.

Na kwa nini Lancashire iliitegemea Marekani? Kwa sababu pamba ya Marekani ililimwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipokatiza shehena, viwanda vya Bolton na miji jirani vilisimama na wafanyakazi wakakaa na njaa. Wajukuu na vitukuu wa watumwa wale ndio walioyahama mashamba ya kusini katika karne ya 20 kwenda kufanya kazi viwandani kaskazini, Detroit ukiwa mmoja wa miji waliyoiendea. Berry Gordy, aliyeanzisha kampuni ya Motown mwaka 1959, aliwahi kufanya kazi katika kiwanda cha magari cha Ford, na hakuficha kwamba alijifunza pale namna ya kupitisha wimbo kutoka mkono hadi mkono mpaka utoke umekamilika.

Basi tazama mnyororo huo. Aliyechuma pamba Mississippi, aliyeichuma Kwimba, na aliyeisokota Bolton walishikwa na uzi mmoja kwa miaka mingi bila kuonana uso. Mtoto wa wa kwanza alitunga wimbo, mtoto wa wa tatu akauokota jalalani, na mtoto wa wa pili akaalikwa kuucheza kando ya bahari. Anayeniambia kwamba pale nilikuwa ugenini anisaidie kunionyesha mpaka ulipo. Soko la dunia halikuuheshimu mpaka huo lilipokuwa likichukua jasho letu. Kwa nini sisi tuuheshimu tunapotaka kulikausha jasho hilo kwa dansi?

Msomaji ataniambia kwamba hoja ya mzee wangu ina historia yake ya heshima. Ni kweli. Mwalimu Nyerere, alipohutubia kama Rais mpya wa Jamhuri tarehe 10 Desemba 1962, alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na alilalamika kwa haki kwamba tulifundishwa kuona fahari katika dansi za Wazungu na kuzionea haya ngoma zetu. Aliyesoma katika shule za kikoloni anajua kwamba hilo halikuwa jambo la kufikirika. Mtoto alichapwa kwa kusema lugha ya mama yake. Aliyemrudishia mtoto huyo ngoma yake alimrudishia sehemu ya utu wake. Sipingi hilo hata chembe.

Ninachokipinga ni pale tunda lile lilipooza. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, itakayoanza Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na dawa za kujichubua. Hata kabla tarehe haijafika, wasichana walivamiwa mitaani Dar es Salaam kwa sababu ya urefu wa nguo zao. Kisha Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul jijini. Sababu zilizosikika ni zile zile: maadili ya vijana, heshima ya taifa, uchafu wa kigeni.

Fikiri mji ulikuwaje mwaka huo. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Angola na Zimbabwe walikuwa na ofisi zao humo. Februari ya mwaka huo huo Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu katika jiji hilo. Wamarekani weusi walikuja kuishi nasi wakitafuta Afrika iliyo huru. Mwaka mmoja kabla, James Brown alikuwa ametoa wimbo wa kujivunia weusi ulioitikisa Marekani nzima. Mji uliojiita mama wa ukombozi wa mtu mweusi ukaufungia mlango muziki wa mtu mweusi, na bendi za dansi zilizopiga rumba, yenye mizizi yake Cuba na Kongo, zikaendelea na kazi kila wikiendi. Brasi bendi ya polisi nayo ikaendelea kupuliza tarumbeta zilizotengenezwa Ulaya. Ugeni, basi, haukuwa kosa lenyewe. Wapo wananchi walioliona hilo wakati ule ule, na barua zilimiminika magazetini, nyingine zikiunga mkono na nyingine zikiuliza maswali ambayo hayakujibiwa.

Kosa lilikuwa nini? Baba yangu mdogo alikuwa karani bandarini mwaka huo. Kwa mshahara wake wa kwanza alishona bugaluu, ile suruali pana miguuni iliyobeba jina la dansi ya Wamarekani weusi na ambayo Kiswahili kiliipokea bila kuomba ruhusa ya mkuu wa mkoa. Marufuku ilipotoka aliificha suruali sandukuni. Jumamosi yeye na wenzake wanne walijifungia katika chumba huko Magomeni, wakaziba dirisha kwa blanketi, wakacheza santuri kwa sauti ya chini. Alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa mzee, na maneno yake sijayasahau: "Nilikuwa mtu mzima, nafanya kazi, nalipa kodi, nacheza kama mwizi."

Kosa la baba mdogo ni kwamba hakuna aliyempangia furaha ile. Hakuitwa uwanjani kumpokea kiongozi, hakupewa sare ya kikundi cha utamaduni, hakusimama kwenye mstari akisubiri kuimba sifa. Alichagua mwenyewe wimbo, saa, na watu wa kucheza nao. Tawala zote huliogopa jambo hilo, ziwe za mrengo wowote na za rangi yoyote. Serikali ya kikoloni ilidai kibali kabla ya ngoma kupigwa mjini. Huko Uingereza kwenyewe, ukumbi wa The Torch ulinyimwa leseni mwaka 1973, na mwaka 1994 Bunge la London lilitunga sheria iliyowapa polisi nguvu za kuvunja mikesha ya vijana, ikafika mahali pa kuueleza kisheria muziki wenye midundo inayojirudia. Kwetu, mwaka 2018, mamlaka ya mawasiliano ilitoa orodha ya nyimbo zilizofungiwa redioni na kwenye televisheni. Magauni ya hoja hubadilika kila zama, lakini mwili ulio ndani ya gauni ni ule ule.

Zipo hoja tatu nzito dhidi yangu, na sitazikwepa.

Ya kwanza ni ya Frantz Fanon. Katika kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Viumbe Waliolaaniwa, Fanon anasema kwamba mtawaliwa huimaliza hasira yake katika duara la ngoma, na akitoka hapo amechoka na ametulia, tayari kurudi kutawaliwa. Ni onyo la kweli. Wazee wa Blackpool walicheza viwanda vikifungwa, na viwanda vikafungwa. Lakini Fanon huyo huyo, katika sura ya utamaduni wa taifa, anawacheka mabingwa wa kizungu wa jazi walioichukia jazi mpya kwa sababu walitaka mtu mweusi abaki milele akilia kwa sauti ya zamani. Anatuonya kwamba utamaduni si ganda la mila lililohifadhiwa kabatini. Anayemtumia Fanon kuwazuia watu kucheza amesoma sura moja na kufunga kitabu. Tena, mimi sijasema kwamba dansi huleta mapinduzi. Nimesema ni haki ya anayefanya kazi. Haki haihitaji kuzaa mapinduzi ili iwe haki, kama ambavyo usingizi hauhitaji.

Hoja ya pili ni ya malipo. Santuri moja ya Frank Wilson, iliyotengenezwa mwaka 1965 na ambayo nakala zake karibu zote ziliharibiwa, iliuzwa Uingereza mwaka 2009 kwa zaidi ya pauni 25,000. Fedha hizo zilitoka kwa mkusanyaji mmoja zikaenda kwa mkusanyaji mwingine. Wapo waimbaji waliozeeka Marekani bila kujua kwamba ng'ambo ya bahari kuna watu wanaozijua nyimbo zao kwa moyo. Baadhi yao hatimaye walialikwa Uingereza uzeeni, wakasimama jukwaani wakishangaa. Wengi walikuwa wamekwisha kufa. Hapa mzee wangu angenishika pabaya, lau angeuliza. Methali yake haisemi mcheza kwao huruhusiwa. Inasema hutunzwa, yaani hupewa tuzo, hupewa fedha. Wazungu wa kaskazini waliuokoa muziki, lakini aliyeuimba hakutunzwa inavyostahili. Hiyo ndiyo lawama ya haki, na inawaangukia wenye kampuni na wenye masoko kabla ya kumwangukia dereva wa basi mwenye kopo la poda.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi. Katika ukumbi ule watu weusi tulihesabika kwa vidole. Katika kura ya mwaka 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, takriban theluthi mbili ya wapiga kura wa Blackpool walitaka kujitoa, na sote tunajua nafasi ya chuki dhidi ya wahamiaji katika kampeni ile, hata kama si kila aliyepiga kura hiyo alipiga kwa chuki. Je, mtu anaweza kuupenda wimbo wa mtu mweusi usiku na kumkataa mtu mweusi mchana? Anaweza. Nilimuuliza yule dada wa Kisumu. Akanijibu kwamba wodini amewahi kutukanwa na mgonjwa anayemwosha, na kwamba ukumbini hajawahi. "Siwezi kukwambia wamepona," alisema. "Nakwambia tu kwamba humu wanajua wanadaiwa." Sijapata jibu lililo bora kuliko hilo. Dansi haiondoi ubaguzi. Lakini mahali ambapo watu wanajua wanadaiwa ni mahali pa kuanzia kudai.

Sasa niwageukie walinzi wa utamaduni wa hapa nyumbani, maana hapa ndipo hesabu zao zinapogoma. Wachimbaji wa makaa na wasokota nyuzi, bila wizara, bila bajeti, bila semina elekezi, waliutoa muziki wa watu wengine kwenye vumbi, wakausafisha, wakaukariri na kuurithisha kwa watoto wao. Sisi tuna wizara tangu 1962. Tuna baraza la sanaa. Tumekuwa na kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam, hazina ya dansi, taarabu na ngoma za makabila iliyorekodiwa kwa miongo kadhaa. Kanda hizo zilikaa rafuni mpaka wapenzi wa muziki wakapitisha bakuli mitandaoni kuomba michango ya kuzihamishia katika mfumo wa kidijitali zisije zikaoza. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa na nguvu ya kufungia nyimbo, tukakosa nguvu ya kuhifadhi nyimbo. Tumekuwa hodari wa kusema hiki si chetu, na wazembe wa kutunza kile ambacho hakuna anayebisha kwamba ni chetu. Mlinzi anayempiga mpita njia huku ghala likivuja nyuma yake halindi kitu. Anajionyesha tu kwamba ana rungu.

Ndiyo maana utani wa kundi la simu haukunichekesha. Wanafunzi wetu wanatusikia. Binti wa mwaka wa pili anayecheza singeli Jumamosi akija darasani Jumatatu anajua jinsi baadhi yetu tunavyomtazama. Singeli imezaliwa uswahilini, Dar es Salaam, haina mzazi wa kigeni wa kusingiziwa, na bado iliitwa ya wahuni. Hilo latosha kuonyesha kwamba neno "kigeni" halikuwahi kuwa kiini cha ugomvi. Kiini ni kwamba mtu wa chini amejipa furaha bila kupitia kwetu.

Narudi kwa mzee wangu, kwa heshima zote za umri. Umeniuliza nimetunzwa na nani. Jumapili asubuhi, baada ya wimbo wa mwisho, tulikaa ukutani mbele ya bahari maji yakiwa yamekupwa, viatu tumevivua. Mke wa mwenyeji wangu alinipa nusu ya sandwichi yake na soksi kavu za mumewe. Kisha akaniuliza huko kwetu wakulima wa pamba walicheza nini baada ya mavuno. Nikasimama juu ya zege lile nikamwonyesha, na wale wazee, miguu ikiwauma, wakainuka kujaribu. Hakuna aliyeuliza kibali kimetoka ofisi gani.

Hilo ndilo jibu langu. Ukitaka tulijadili zaidi, Juni nitakuwa Bujora kwenye ngoma za mavuno, upande wa Bagika. Njoo. Lakini ukija na orodha ya ngoma zinazoruhusiwa, iache garini.